Uzi Kwenye Tundu la Sindano: Niliyojifunza kwa Miaka Kumi na Moja ya Dawa

Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko, na nina skizofrenia. Nilianza dawa mwaka 2014, nikiwa na miaka 23. Nimeziacha mara mbili, na mara zote mbili nilirudishwa hospitali nimefungwa kamba. Nimewahi kuvibana vidonge chini ya ulimi na kwenda kuvitema chooni. Nimewahi pia kuviomba kwa machozi vilipokuwa havipatikani. Kwa hiyo haya si maneno ya daktari, ni ya mtu aliyekaa na dawa hizi ndani ya mwili wake. Dozi yangu usiichukue ukaifanya yako, hata kama ugonjwa wetu una jina moja. Kaulize kwa anayekutibu.

1. Kombe na vidonge havigombani

Ugonjwa ulianzia kwenye cherehani. Nilikuwa najifunza kazi kwa mjomba, kwenye cherehani ya kukanyaga, na ndani ya mlio wake nikaanza kusikia watu wawili wakinijadili. Nikiinua mguu, kimya. Nikikanyaga, wanaendelea pale pale walipoishia. Baada ya wiki chache hawakuhitaji tena cherehani. Usingizi ukaniruka, nikaacha kuoga, nikaamini kwamba kila anayepita mbele ya baraza yetu anasoma ninachowaza.

Nyumbani walisema nina jini. Hapa pwani hilo ndilo neno la kwanza kusemwa, na silidharau, kwa kuwa walilisema watu walionipenda na waliouza mbuzi zao kwa ajili yangu. Nilifukizwa ubani, nikanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikapelekwa kwa mganga upande wa bara nikakaa huko majuma matatu. Miezi mitano ikapita hivyo. Aliyetuonyesha njia ya hospitali ni shehe yule yule aliyekuwa akiniandikia kombe. Alimwambia mama, "Dada yangu, kombe na vidonge havigombani. Mpeleke, na mimi nitaendelea kumsomea." Mama alikuwa anangoja mtu wa dini amwambie neno hilo, na asingelipata kwa mwingine.

Hata hivyo alilia njia nzima. Kwake yeye dawa za akili maana yake ni hospitali ya Mirembe, kule Dodoma, na ukisikia mtu wa kwetu anasema "fulani kapelekwa Mirembe," ujue anamzungumzia kama marehemu. Baadaye sana nikajua jambo lililonisaidia kumwelewa. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wangu, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 huko Paris, mikononi mwa madaktari Jean Delay na Pierre Deniker. Haloperidoli, niliyoanza nayo mimi, ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Robo karne nzima, basi, kulikuwa na kuta na walinzi lakini dawa ya kumrudisha mtu nyumbani haikuwepo. Hofu ya mama aliirithi kwa bibi zake, na wao walikuwa na sababu.

Jambo moja tu naliongeza. Ukinywa dawa ya mitishamba pamoja na ya hospitali, mtajie daktari. Na mganga anayekwambia uache vidonge ndipo tiba yake ishike, muage kwa adabu uondoke.

2. Shingo ikipinda, hilo si jini

Hili lilinipata siku ya tatu ya haloperidoli, na laiti ningeambiwa mapema. Ilikuwa baada ya alasiri, nimekaa kwenye mkeka, mama anachambua dagaa. Nikahisi taya linavutwa upande. Ulimi ukawa mnene, maneno yakawa hayatoki, mate yakanitiririka kifuani. Kisha shingo ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea bega la kushoto, polepole, kama mtu ameishika kwa mkono, na macho yakapanda juu nikawa naona makuti ya paa tu. Akili ilikuwa timamu kuliko ilivyokuwa kwa miezi. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia shangazi akisema, "Ndilo hilo, limekasirika." Nilimsikia mtu akiagiza ubani.

Kama si kijana wa jirani mwenye pikipiki, ningefukizwa hadi usiku. Kituoni sista aliniangalia mara moja tu akauliza, "Kaka huyu kaanza dawa gani, na lini?" Akanichoma sindano. Haikupita nusu saa shingo ikalegea, ulimi ukarudi mdomoni, nikaomba maji.

Dawa za zamani za ugonjwa huu, hasa haloperidoli, huweza kukaza misuli hivyo katika siku za mwanzo, na mkazo huo huwapata zaidi vijana wa kiume. Inatisha mno kuitazama, ila dawa yake ipo na inafanya kazi haraka. Tangu siku hiyo nikapewa na Artane ya kuzuia mkazo huo. Nayo ina yake: hukausha mdomo, hufunga choo, hutia ukungu machoni. Vijiweni wapo wanaoitafuta Artane ili walewe nayo, na nimewahi kuombwa "nusu tu, fundi." Simpi mtu.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba hakuna aliyetutahadharisha. Sentensi moja ingetosha: "Shingo au macho yakivutwa, mleteni hapa." Familia ngapi zimeiacha dawa siku hiyo hiyo ya tatu, zikiamini jini limekataa?

3. Usinifichie dawa kwenye uji

Mwaka 2015 nilijiona nimepona nikaacha vidonge. Mama alipoona naanza tena kucheka peke yangu, alifanya ambalo mama wengi hulifanya. Alivisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko akavichanganya kwenye uji.

Niliutambua kwa uchungu wake, na chini ya kikombe nikaona chembechembe nyeupe. Nawe fikiri: mimi wakati huo tayari nilikuwa nasikia sauti zikiniambia nyumba hii inataka kuniua kwa sumu. Sasa nina ushahidi mkononi. Sikula tena chakula cha mama yangu kwa siku kumi na moja. Niliishi kwa madafu na miwa niliyomenya mwenyewe, nikalala kwenye ngalawa iliyopandishwa pwani. Aliyenifuata ni mjomba na wenzake wanne, na kamba.

Simlaumu. Alikuwa peke yake na mtoto mkubwa anayepotea mbele ya macho yake, na hakuna aliyemfundisha njia nyingine. Lakini ninasema kwa niaba yetu tunaonyweshwa: dawa ya kificho ikigundulika, inavunja kitu ambacho vidonge havikijengi. Tena anayesaga hajui mgonjwa amekunywa uji kiasi gani, wala mtoto gani amemalizia kikombe. Haloperidoli kwa mtoto mdogo ni hatari kubwa. Mgonjwa akikataa kabisa na hali inazidi, mkamwambie daktari. Ipo sindano ya mwezi, na ipo sheria ya mwaka 2008 ya afya ya akili inayoeleza namna mtu aliyezidiwa anavyolazwa.

Miaka yangu ya mwisho ya vidonge mama alikuwa akiniuliza waziwazi, "Mwanangu, umemeza?" Nami nilimjibu ukweli, hata siku ambayo jibu lilikuwa hapana.

4. Kuna kutotulia kunakofanana na ugonjwa

Hili ni fupi lakini lilinitesa. Dozi ilipopandishwa niliporudi hospitali, miguu ikakataa kukaa. Nikiketi nasimama, nikisimama natembea. Usiku nilizunguka uwanja hadi mchanga ukafanya njia. Watu wakasema kichaa kimepanda, na kama daktari naye angesikia hivyo tu, angeongeza dozi na mateso yangezidi. Nilichomwambia kikaniokoa: "Daktari, kichwa kimetulia. Miguu ndiyo haitaki." Akapunguza dozi. Kama unakaa na mgonjwa, muulize linalomsumbua liko kichwani au liko mwilini. Tofauti anaijua yeye peke yake.

5. Ukiiacha leo, ugonjwa haurudi kesho

Nilioa mwaka 2017. Miezi michache baadaye nikawa siwezi kuwa mume kwa mke wangu. Naliandika wazi kwa sababu najua hapa ndipo wanaume wanapozitupa dawa, halafu wakiulizwa hospitali wanasema wamesahau. Nilinunua unga wa nguvu za kiume sokoni. Haukusaidia. Mwanzoni mwa 2018 nikaacha vidonge bila kumwambia mtu.

Wiki ya kwanza, salama. Wiki ya tatu nilikuwa hodari kuliko siku zote, nyumbani kuna furaha, kazi inakwenda. Mwezi wa pili nikaanza kumcheka moyoni daktari aliyenitisha. Mwezi wa nne, nikiwa nashona sare za shule, nikasikia mtu akilitaja jina langu ndani ya cherehani.

Huo ndio mtego wa dawa hizi, na ningependa kila mgonjwa na kila ndugu aujue. Ukiacha panadoli, kichwa kinauma jioni hiyo hiyo, unajua umekosea. Hizi ukiziacha, ugonjwa unaweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi, na ukimya wake unauita kupona. Ukija kurudi, huuunganishi tena na siku ile uliyoacha. Unatafuta sababu nyingine: mke, jirani, jini.

Na lile la chumbani lilikuwa na ufumbuzi. Dawa hizi zinaweza kupandisha homoni inayohusika na maziwa, ndiyo maana mwanaume hupungukiwa nguvu, na mwanamke hedhi hukata au maziwa hutoka hali hana mtoto. (Dada zangu, hedhi kukata kwa ajili ya dawa hakuzuii mimba.) Daktari akishajua anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Nilipomwambia baada ya kurudishwa hospitali, mke wangu kakaa pembeni yangu, alijibu kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa jambo la kila siku: "Hilo tunalishughulikia. Ungeniambia mapema." Dozi ikapungua, na binti yetu sasa ana miaka mitano.

6. Si kila homa ni malaria

Kwetu homa ni malaria, basi. Nami mwaka 2021 nilipata malaria ya kweli, kipimo kikaonyesha, nikawa natapika. Dukani nikapewa mseto pamoja na kidonge cha kuzuia kutapika, metoklopramidi. Usiku ule nikahisi taya linavutwa. Nilijua mara moja. Metoklopramidi ni jamaa wa dawa zetu, nayo inaweza kukaza shingo; zikikutana mbili, hatari inaongezeka. Kosa lilikuwa nusu yangu, sikumwambia muuzaji ninatumia nini.

Mseto nao unaweza kugusa mapigo ya moyo, na haloperidoli vilevile. Hiyo haina maana usitibiwe malaria, kwani malaria inaua. Maana yake ni kwamba anayekutibu ajue mapema. Siku hizi kadi yangu ya kliniki nimeitia kwenye mfuko wa nailoni nikaushonea ndani ya koti la kazi. Nikifika duka lolote la dawa naitoa kwanza, kisha ndipo naeleza kinachoniuma.

Kuna homa moja nyingine ambayo sijawahi kuipata na naomba isinifike. Huja kwa nadra kwa watu wa dawa hizi: joto kali, mwili kukakamaa kama gogo, jasho, moyo kwenda mbio, mtu anachanganyikiwa. Kipimo cha malaria kinaweza kutoka safi. Hapo usingoje asubuhi wala usimpe dozi inayofuata. Ni kukimbilia hospitali usiku huo huo, na ukifika taja jina la dawa kabla ya jina la mgonjwa.

7. Jua, mfungo na uraka

Kliniki nilikutana na mama mmoja mlima mwani, anatumia klopromazini. Paji la uso na pua vilikuwa vimebabuka vinachunuka. Dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na kazi yake ni kuinama majini tangu maji yanapotoka hadi yanapojaa. Sasa anavaa kofia pana ya ukili na kanga hadi kwenye macho. Mimi ninakaa kivulini, lakini wakati wa kaskazi joto linanipata pia, maana Artane hupunguza jasho. Nanywa maji hata bila kiu.

Ramadhani nilikuwa nahamisha dozi kwa akili yangu: ya asubuhi naila pamoja na ya usiku. Nikiinuka kwa daku kichwa kinazunguka, mara moja nilianguka mlangoni. Dozi mbili kwa mpigo si sawa na dozi mbili kwa siku, na ukisahau moja usiifidie kwa kumeza mbili. Baadaye Shaabani ikiingia nikawa namwendea daktari anipangie.

Uraka: msimu wa korosho unapoanza, bara yote ya Lindi inanuka mabibo yaliyochacha, na mtu anayekataa bakuli anaonekana ana majivuno. Pombe juu ya dawa hizi inakulaza kama umepigwa. Bangi kwangu ni mbaya zaidi, inaziita sauti. Wenzangu nimewaambia kwa nini nakataa, na waliobaki ndio rafiki zangu.

8. Barabara ikikatika

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, mvua ililala juu yetu na barabara ya Dar es Salaam ikakatika huku Kilwa, upande wa Somanga. Mabasi na malori yalikwama siku kadhaa. Watu walihofia unga na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na vidonge vinne. Kituo nilikozoea kuchukua hakikuwa navyo tangu kabla ya mvua.

Nilivitandaza juu ya meza ya kukatia nguo. Nikavikata nusu kwa wembe ili viende siku nane. Mke wangu akanitazama, hakusema kitu, akachukua mwavuli akaenda kwa sista nyumbani kwake. Walirudi wote wawili wamelowa. Sista akasema vidonge hana, lakini kuna sindano za mwezi, twende kwa daktari.

Ndivyo nilivyoanza flufenazini, wengi wanaijua kwa jina la Modecate. Ni dawa iliyo ndani ya mafuta, inachomwa kwenye nyama ya tako na kuachia kidogo kidogo kwa majuma. Walianza na 12.5 mg waone mwili unaipokeaje, kisha 25 mg kila baada ya wiki 4. Ina uzuri na ubaya wake: huwezi kuisahau, wala huwezi kuitema, na ikikuletea maudhi, huwezi kuitoa. Ndiyo maana ile dozi ndogo ya kwanza si ya kurukwa hata kama foleni ni ndefu.

Akiba ya wiki mbili ya vidonge ingeniepusha na wembe ule. Wenzangu wanaomeza nawaambia waende kliniki kabla ya chupa kulia, na wa Songo Songo na visiwa vingine, ambako bahari inaweza kumzuia mtu siku tano, waombe za miezi miwili kama daktari ataridhia.

9. Awepo mtu mmoja wa kuingia naye

Watafiti wa Muhimbili na wenzao waliwahi kuendesha mpango Dar es Salaam na Mbeya uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Mgonjwa na ndugu yake walikaa darasa moja wakajifunza ugonjwa pamoja. Niliposoma habari zake nilitamani ungekuwepo mwaka 2014, mama akae kwenye kiti hicho. Mimi nimejitengenezea wangu: mke wangu huingia nami kwa daktari kila mara. Yeye ndiye aliyeona nachezesha midomo bila kujua, kama mtu anayetafuna. Mimi nisingeona. Dalili hiyo ikikomaa baada ya miaka ya dawa inaweza isiondoke, kwa hiyo inatakiwa kusemwa ingali changa.

Daktari akaniambia ninyooshe mikono. Ikawa inatetemeka kidogo. Akauliza kazini nafanyaje, nikamwambia kipimo changu: asubuhi nakaa dirishani kwenye mwanga, nalamba ncha ya uzi, nalitafuta tundu la sindano ya mashine. Miaka ya nyuma ilipita mara ya kwanza. Mwezi ule ilikuwa mara ya sita, ya saba, na mara nyingine nilimwita binti anitungie.

Aliandika. Akapunguza sindano kuwa robo tatu, akamtaka mke wangu amweleze kila dalili kwa miezi mitatu: usingizi, kucheka peke yangu, kukaa kimya kupita kiasi. Huu ni mwezi wa pili. Nalala. Cherehani inalia mlio wake tu. Leo asubuhi uzi umepita mara ya tatu, na nina sare kumi na nne za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa.